Kapata 78 kwenye simu: ni mzito?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Shemeji yangu alitutumia mtihani wa kupima akili kwenye simu. Nikamfanyisha mwanangu wa miaka sita, akapata 78. Sasa baba yake anataka arudie chekechea. Isitoshe, juzi nilijaza chai vikombe viwili sawasawa, mbele ya macho yake. Kimoja nikakimimina kwenye glasi nyembamba, nikampa mdogo wake. Huyu mkubwa akaangua kilio kwamba kapunjwa. Je, ni mzito wa kuelewa? – *Mama, Uyole, Mbeya*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na chai, maana huko ndiko kwenye utamu.

Kulikuwa na kijana wa Uswisi, Jean Piaget, mtafiti wa konokono. Mnamo 1920 hivi alikuwa Paris, kazi yake ikiwa kuwapa watoto mitihani ya akili. Majibu sahihi hayakumvutia sana. Kilichomshika ni makosa: watoto wa umri mmoja walikuwa wakikosea kwa namna ileile. Baadaye akafanya na watoto hilohilo ulilolifanya wewe jikoni bila kujua, la kumimina kutoka chombo kipana kwenda chembamba. Wengi wa chini ya miaka saba hivi husema chombo kirefu kina kingi zaidi. Jicho lao limekamata kimo. Upana hawajauweka kwenye hesabu, wala hawajaweza kuirudisha ile chai kikombeni kwa mawazo tu. Mwanao analia kama mtoto wa miaka sita anavyotakiwa kulia.

Jaribu na vifuniko vya soda. Panga safu mbili, sita juu na sita chini, akubali ziko sawa. Kisha tanua safu moja na umuulize zipi nyingi. Akikosea usimrekebishe, muulize, "Umejuaje?" Mjukuu wangu alinijibu, "Bibi, hizi zimeenda mpaka kule!" Sikuona haja ya kubishana naye. Alikuwa na sababu, na sababu ndiyo ninayoitafuta mimi.

Sasa hiyo 78. Kipimo cha kwanza cha kueleweka kilitoka Ufaransa mwaka 1905, kazi ya Alfred Binet na Théodore Simon, ili kuwatambua wanafunzi wanaohitaji msaada darasani. Msaada, mama, si kutengwa. Binet mwenyewe alikataa habari ya kwamba akili haibadiliki. Siku hizi alama hupatikana kwa kumlinganisha mtoto na wa rika lake: wastani ni 100, na kama theluthi mbili ya watu huangukia kati ya 85 na 115. Kwa hiyo muulize shemeji: simu imemlinganisha mwanetu na watoto wa wapi? Maswali yalikuwa kwa lugha gani? Kipimo cha kweli hufanywa na mtaalamu, ana kwa ana, kwa lugha anayoielewa mtoto.

Hata vifaa vinabadilisha matokeo. Mwanasaikolojia Robert Serpell aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kunakili maumbo, akachapisha matokeo mwaka 1979. Kwa kalamu na karatasi Waingereza waliongoza; kwa waya wakaongoza Wazambia. Sisi wa njia ya Tunduma, mpakani na Zambia, tunaoyajua magari ya waya wanayojiundia watoto, hatushangai.

Mwambie mzee asimrudishe chekechea kwa sababu ya simu. Mwalimu wake anasemaje? Je, anasikia vizuri ukimwita akiwa amekupa mgongo? Anatunga sentensi, anafuata maagizo mawili kwa mpigo, anacheza na wenzake? Ukiona anapungukiwa hapo, mpeleke hospitali wakampime masikio na macho kwanza.

SWALI: Mwalimu, kuna dawa ya kumuongezea mtoto akili? – *Baba mtarajiwa, Ludewa*

JIBU: Ya kumeza, hakuna, usipoteze hela. Nunua chumvi yenye madini joto. Nyanda hizi za juu zilisifika kwa rovu, ule uvimbe wa shingoni, kwa sababu udongo wetu hauna madini hayo ya kutosha, na mjamzito akiyakosa sana, ubongo wa mtoto huumia angali tumboni. Mkeo aanze kuitumia sasa, na muiweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu, la sivyo madini hupotea.