Soma damu kwanza: kwa vijana wanaoingia kwenye utafiti wa chanjo za virusi vya mbu

Vijana wanaokuja kujifunza maabara hapa Pemba huwa na suali moja mdomoni: chanjo inakinga kwa asilimia ngapi? Suali halina ubaya, ila kwa dengi, homa ya virusi vinavyoenezwa na mbu, silo la kwanza. La kwanza ni hili: huyu tunayetaka kumchanja, damu yake imeshakutana na nini?

Kisiwa hiki kina funzo lake, tena halihusu chanjo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto wadogo wa Pemba walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki katika jaribio kubwa. Upungufu wa damu ulikuwa umeenea na malaria ilikuwa nyingi. Mwaka 2003 wasimamizi wa usalama wakaamuru chuma kisitishwe, maana waliopewa walikuwa wakilazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo yalichapishwa 2006, na wengi huishia kwenye muhtasari. Nyinyi someni mpaka ndani: katika kundi dogo lililopimwa damu kabla na kufuatiliwa kwa karibu, watoto wenye upungufu wa chuma walinufaika. Dozi ni ile ile. Aliyetofautiana ni mtoto.

Dengi ina aina 4 za virusi. Ukiugua moja, kingamwili zake, yaani protini za damu zinazokishika kirusi, hukulinda na aina hiyo kwa miaka mingi, na zile nyengine kwa muda mfupi tu. Ikija aina ya pili, kingamwili za zamani zinaweza kukishika kirusi bila ya kukizima. Mkia wa kingamwili unadakwa na seli za ulinzi, na kirusi kinaingia ndani ya seli kikiwa kimebebwa. Scott Halstead alianza kuyaona hayo Bangkok katika miaka ya 1960, alipogundua kuwa watoto wengi waliozidiwa walikuwa wakiugua kwa mara ya pili.

Ndicho kilichoikuta Dengvaxia, chanjo ya dengi ya kampuni ya Sanofi. Ufilipino ilianza kuwachanja watoto wa skuli 2016, zaidi ya laki 8. Novemba 2017 kampuni ikatangaza kwamba asiyewahi kuugua dengi, akichanjwa kisha akaambukizwa, yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa. Kwa mtoto huyo chanjo ilikaa mahali pa maambukizo ya kwanza. Imani ya wazazi ikaporomoka hata kwa chanjo nyengine, na 2019 surua ikaripuka.

Sasa twende mezani. Mtakapopima kama kingamwili zinazima kirusi, mtahesabu madoa kwenye sahani za seli, yaani pale kirusi kilipoua seli: madoa yakipungua, kingamwili zinafanya kazi. Kipimo kizuri, lakini seli zinazotumika sana kwa kazi hiyo hazina kile kidakio cha mkia, kwa hiyo madhara hayataonekana hapo hata mkodoe macho usiku kucha. Rudieni kwa seli zenye kidakio, na mzimue damu hatua kwa hatua. Damu nzito itazima kirusi. Iliyozimuliwa mno haitafanya kitu. Katikati, pale ambapo kingamwili zimebaki chache, maambukizo yanaweza kupanda kuliko hata kwenye sahani isiyo na kingamwili kabisa. Anayepima kiwango kimoja tu cha kuzimua hupita pembeni ya kilele hicho na kuandika kuwa mambo ni salama. Na kingamwili za mtu hushuka kadiri miaka inavyopita, hivyo hicho cha katikati si kitu cha sahani tu. Watafiti waliofuatilia watoto Nicaragua walichapisha 2017 kuwa hatari ya kuzidiwa ilikuwa kubwa kwa wenye kiwango cha kati, si kwa wasio nacho wala wenye kingi.

Waundaji wa chanjo wanalikabili hili kwa njia kadhaa. Wapo wanaobadilisha ile sehemu ya ganda la kirusi inayozalisha kingamwili za kushika bila kuzima. Wapo wanaotumia NS1, protini ya kirusi ambayo haimo kwenye ganda, kwa hiyo kingamwili zake haziwezi kukibeba kirusi. Mimi naipenda zaidi hii ya pili, ingawa kama itatosha peke yake ni suali jengine.

Kwenye fomu, msiandike "aliwahi kuugua dengi" kwa sababu bibi amesema aliwahi kushikwa na kidingapopo. Daktari James Christie aliyekuwa Unguja alieleza mripuko wa kidinga pepo wa mwaka 1870, na wazee walimwambia waliiona homa hiyo 1823. Wataalamu wengi leo wanadhani ilikuwa chikungunya, homa nyengine ya mbu. Dalili zinafanana mno. Hata kipimo cha kingamwili huchanganya virusi ndugu: aliyechanjwa homa ya manjano anaweza kuonekana ana dengi. Wapemba ni watu wa safari, basi ulizeni kadi ya manjano, na mwenye kadi muiangalie tarehe.

Mwanamke akiulizwa kama ana mimba mbele ya mavyaa wake atajibu linalofaa kwa mavyaa. Chanjo nyingi za virusi hai haziwafai wajawazito, kwa hiyo jibu hilo lina uzito. Mpelekeni pembeni, muulizaji awe mwanamke, na msiwe na haraka.

La mwisho ni ufuatiliaji. Kwa Dengvaxia, ishara ya madhara kwa watoto wadogo ilijitokeza wazi mwaka wa 3 wa jaribio, wakati ambapo miradi mingi imeshafunga virago. Pangeni miaka 5 tangu siku ya kuandika bajeti. Wavuvi huenda dago, wengine huhamia Tanga au Mombasa, wasichana huolewa shehia nyengine. Chukueni namba ya simu ya mhusika, ya jirani na ya sheha, na muandike jina analoitwa mtaani, maana lile la cheti cha kuzaliwa huenda jirani halijui.