Jiwe la Kibirizi lenye matundu mawili

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeokota jiwe jeusi ufukoni Kibirizi, lina umbo la mfuko na matundu mawili juu. Nimesoma kwamba Marekani kumepatikana kisukuku cha mnyama wa namna hiyo. Je, langu ni la aina ile? – Msomaji, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Ndugu msomaji, uliyosoma ni habari za Megasiphon thylakos, kisukuku cha jimbo la Utah kilichotangazwa mwaka 2023. Kina umri wa miaka milioni 500 hivi. Kinafanana na tunikati wa leo, mnyama wa baharini aliye kama kiriba kilichong'ang'ania mwamba: huvuta maji kwa mrija mmoja, huchuja chakula, huyatoa kwa mrija wa pili.

Lakini matundu mawili hayatoshi. Kilichowashawishi wataalamu ni michirizi myeusi iliyopanda mwilini, mfano wa misuli ya tunikati aitwaye Ciona. Bila michirizi hiyo kingebaki doa lenye umbo la mfuko, na hata sponji, mnyama mwingine wa majini, huwa na umbo hilo. Ndiyo kasoro ya Ausia, kisukuku cha Namibia kilicho kikongwe zaidi: wapo waliomhesabu ndugu wa tunikati, ila kwetu ushahidi wake ni mwembamba.

Sasa jiwe lako. Tunikati huishi maji ya chumvi tu, na Ziwa Tanganyika ni maji baridi. Tena mkoani Kigoma kuna lava ya kale, ile ya Gagwe, yenye miaka karibu milioni 800, kabla ya mnyama yeyote wa aina hii. Lava ikipoa, mapovu ya gesi huacha matundu, ambayo baadaye hujaa madini meupe au ya kijani. Madini yakichomoka, tundu hubaki wazi. Mnyama laini, kinyume chake, kwa kawaida hubaki bapa kama doa katikati ya tabaka za tope lililogeuka jiwe. Huwezi kumtia kidole.

Lisugue majini kwa mswaki laini, bila siki wala waya, maana asidi hula alama nyembamba. Likikauka, limulike kwa tochi kutoka ubavuni, gizani, ulitazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona vitundu vingine vimetapakaa, baadhi vimezibwa na madini, hiyo ni lava. Ukiona michirizi sambamba kwenye doa bapa, usilivunje: lipige picha pamoja na rula, andika mahali ulipoliokota, kisha utoe taarifa ofisi ya mkuu wa wilaya, kwa kuwa baadhi ya visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.