Pumzi 20 kwa kila mgonjwa

SWALI: Ninasimamia wauguzi wa wodi ya wanaume katika hospitali ya wilaya hapa Tanzania. Ndani ya miezi miwili wagonjwa watatu wamebadilika ghafla usiku na kufariki, ilhali chati zao zilijazwa kila baada ya saa nne na hazikuonyesha tatizo. Wauguzi wa zamu nimewaandikisha barua za kujieleza. Je, niombe mashine za kufuatilia wagonjwa, au niwapeleke kwenye mafunzo ya kufufua moyo?

JIBU: Dada yangu, kabla hujaomba chochote, zitoe chati hizo tatu usome mstari mmoja tu, ule wa upumuaji. Sijaziona, lakini nahofia utakuta 20, 20, 18, 20, usiku kucha, kwa miandiko na kalamu tofauti. Nimewahi kukagua wodi ambayo kila mgonjwa alikuwa anapumua mara 20 kwa dakika, akiwemo mzee aliyeketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, akishindwa kumaliza sentensi bila kutua. Nilipomhesabia mwenyewe nilipata 34.

Neno "ghafla" ndilo linalonichosha. Maambukizi yanapoingia kwenye damu, asidi hujikusanya mwilini, na mapafu huanza kuitoa kwa kupumua haraka, mara nyingi saa kadhaa kabla presha haijashuka. Kwa hiyo mstari tunaoubuni ndio aghalabu wa kwanza kusema ukweli. Katika NEWS2, mfumo unaokipa kila kipimo cha mgonjwa alama kadiri kinavyoonyesha hatari kisha kuzijumlisha, uliotolewa na Royal College of Physicians ya Uingereza mwaka 2017, pumzi 25 na kuendelea hupata alama 3 peke yake, na hiyo inatosha mgonjwa kutazamwa haraka hata kama vipimo vingine vyote ni vizuri. Ukiandika 20 anapata sifuri.

Barua za kujieleza zitakuletea chati safi kuliko hizi. Muuguzi aliye peke yake usiku na wagonjwa arobaini amekwisha kujifunza kwamba anayeulizwa ni yule aliyeacha nafasi wazi, si yule aliyeandika namba ya uongo. Tena yupo aliyehesabu kweli, akampigia daktari wa zamu saa tisa usiku, akajibiwa "hilo tu ndilo umeniamshia?", na tangu siku hiyo hapigi. Huyo ndiye wa kusimamiwa, na hasimamiwi kwa kukagua makaratasi asubuhi. Simama naye kando ya kitanda, mhesabu pumzi dakika nzima, kila mmoja kimoyomoyo, kisha mlinganishe. Kubaliana na mganga mfawidhi, kwa maandishi, kwamba alama 3 za kipimo kimoja au jumla ya alama 5 ni simu, 7 ni dharura, na anayepiga hakaripiwi hata akikosea. Mgonjwa mwenye sifuri apimwe kila baada ya saa 12, ili mwenye 5 apimwe kila saa. Vipimo vichache vya kweli vinamfaa mgonjwa kuliko chati iliyojaa.

Kuhusu mafunzo, kufufua moyo huanza moyo ukishasimama, nawe umeniuliza juu ya saa zilizotangulia. Semina za siku moja zenye cheti cha rangi na chakula cha mchana zimekuwa biashara, sawa na za wale wanaopita wodini na mabegi ya vipimo vya kidoleni, wakidai kwamba kifaa kikisoma 97 mgonjwa yuko salama. Mgonjwa aliyewekewa oksijeni anaweza kusoma 97 huku upumuaji wake unazidi kudhoofika, kwa sababu kifaa hicho hupima oksijeni iliyomo kwenye damu, hakipimi kazi anayoifanya kuipata wala hewa chafu anayoshindwa kuitoa. Hospitali iliyonunua vifaa kwanza, ikasahau kuamua nani aitwe na ndani ya dakika ngapi, imenunua kengele isiyo na wa kuiitikia.

Ukilazimika kuomba kitu wiki hii, omba saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, itundikwe mahali inapoonekana kutoka kila kitanda.