Maswali Yenu: Mwenye Madeni Ana Ruhusa ya Kuota?

Safari hii barua nyingi zimehusu motisha na namna mtu anavyoweza kufikia kilele cha uwezo wake. Tumechagua nne.

Kwenye semina tulichorewa piramidi ya Maslow: chini mahitaji ya mwili, kisha usalama, upendo, heshima, na kileleni kujitimiza. Mwezeshaji akasema hakuna kuruka ngazi. Mimi nina madeni, na mkataba wangu wa kazi ni wa miezi mitatu mitatu. Nilikuwa najifunza piano, nikaacha nikisubiri maisha yatulie. Nimefanya sawa?

Hapana, ndugu, na Maslow mwenyewe, yule mwanasaikolojia wa Marekani, asingekushauri hivyo. Nadharia yake aliitoa mwaka 1943 katika makala isiyo na piramidi hata moja. Mchoro ulikuja baadaye, kutoka kwa watu wa fani ya uongozi wa biashara, na kwa kuwa unachoreka upesi ubaoni, ndio uliobaki vichwani. Kwenye makala hiyo Maslow alisema wazi kwamba mpangilio wake si mgumu kama unavyoonekana. Akapiga hesabu ya mfano tu, ili aeleweke: huenda mtu wa kawaida ametosheka asilimia 85 kwa mahitaji ya mwili, 70 kwa usalama, 50 kwa upendo, 40 kwa heshima na 10 kwa kujitimiza. Itazame hiyo 10. Ipo tayari, ilhali usalama haujajaa. Mahitaji haya hayapangi foleni. Yanakaa nyumba moja, ila lililopungukiwa zaidi ndilo linalopiga kelele.

Mwaka 2011 watafiti Louis Tay na Ed Diener walichapisha uchambuzi wa majibu ya watu 60,865 kutoka nchi 123. Kweli, watu wengi hutangulia kupata mahitaji ya msingi. Lakini kila hitaji lilikuwa na mchango wake katika kuridhika na maisha, hata pale mengine yalipokuwa hayajatimia.

Maslow alipatia kwenye jambo moja linalokuhusu: usalama ukitikisika, hula umakini. Ukikaa kwenye piano saa nzima, deni litakaa nawe. Basi cheza dakika 20, mara tatu kwa wiki, siku zilezile. Madeni nayo yape saa yake moja kwa wiki, na karatasi yenye jina la anayekudai, kiasi na tarehe. Deni lenye saa yake halisumbui sana katika saa za mambo mengine. Usipokuwa na saa hiyo, piano itageuka maficho, na kila ukiifungua utajiona mkosaji.

(Wengi hutafsiri hicho kilele cha piramidi, yaani kujitimiza, kuwa "kujitambua". Hapana. Kujitambua ni kujijua. Maslow alimaanisha kuwa kile unachoweza kuwa. Na waliotajwa kuwa wamefika huko, kina Lincoln, Einstein na Eleanor Roosevelt, aliwachagua yeye mwenyewe kwa vigezo vyake. Hapo ndipo nadharia inapochechemea.)

Mwanangu wa miaka tisa alipenda sana hadithi. Nikaanza kumlipa kwa kila kitabu anachomaliza. Sasa anachagua vitabu vyembamba tu, na nisipolipa hafungui hata kimoja. Nimeharibu?

Mama, hilo linarekebishika. Kuchagua vyembamba ni akili tu: ulinunua idadi, naye anakuuzia idadi.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya kupanga vipande. Kundi moja lililipwa dola 1 kwa kila fumbo. Kisha msimamizi wa jaribio hutoka chumbani dakika 8, magazeti yapo mezani, kila mtu afanye apendalo. Malipo yalipoondolewa, waliolipwa walilichezea fumbo muda mfupi kuliko walivyofanya mwanzoni. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walifanya jaribio jingine kwa watoto wa miaka 3 hadi 5 waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti walikuja kuchora karibu nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu. Sumu iko kwenye ile ahadi ya "ukifanya hili nitakupa lile", kwa kuwa mtoto huanza kuitafsiri upya sababu yake mwenyewe: kumbe nasoma kwa ajili ya pesa.

Usikate ghafla, ataona ni adhabu. Mwambie malipo yanaisha tarehe fulani, na kama unataka apate pesa kidogo, mpe bila kuifunga na vitabu. Weka mbele yake vitabu vitano au sita achague, na umruhusu kukiacha kinachomchosha baada ya kurasa 20. Kaeni pamoja dakika 15, kila mtu na chake. Usiulize amefika ukurasa wa ngapi. Muulize ni nani anamshuku ndani ya hadithi, na amejuaje. Deci na mwenzake Richard Ryan wanataja mambo matatu yanayolisha hamu ya ndani, yaani uhuru wa kuamua, kujiona unaweza, na ukaribu na watu. Hapo yote matatu yamo.

Tarajia wiki kadhaa za ukame. Wazazi wengi huteleza hapo: wanaogopa, wanarudisha malipo, na mtoto anajifunza kwamba mgomo unalipa. Kwa kazi ambayo hakuipenda tangu awali, kama kupanga viatu, malipo hayana madhara hayo. Hapakuwa na hamu ya kuharibu.

Kila mwezi naandika mpango mkubwa wa kujifunza lugha, wiki ya tatu nimeshaacha. Nakosa motisha. Niongeze nini?

Pengine hukosi motisha. Mtu asiye na motisha haandiki mpango kila mwezi! Unachokosa ni saa na mahali. "Nitajitahidi kusoma" haina mlango wa kuingilia. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alipendekeza kauli ya "ikitokea hivi, nitafanya vile": nikishapiga mswaki asubuhi, nitakaa kwenye kiti kile na kusoma maneno 10. Uchambuzi wa tafiti 94 uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa kauli za namna hii husaidia kwa kiwango cha kuridhisha. Andika na ya pili, ya kikwazo: nikirudi nimechoka, nitasoma maneno 3 tu nikiwa nimesimama.

Wiki ya tatu inakuua kwa sababu ya kulipiza. Umeruka siku moja, kesho unajidai maneno 20, keshokutwa 30, kisha unakata tamaa. Siku iliyopotea imepotea. Kesho ni maneno 10 tu, kama kawaida. Mwanasaikolojia Albert Bandura alionyesha kuwa imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa zaidi na mambo aliyoyafanya yakafaulu. Kumwona mtu wa hali yako akifaulu husaidia pia, maneno ya kutiwa moyo kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa hiyo lengo la kuanzia liwe dogo hata uone aibu kulitaja.

Ni kweli tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo?

Si kweli. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula takriban asilimia 20 ya nishati yake. Mwili usingegharamia hivyo kiungo kilicholala. Na jeraha la karibu sehemu yoyote ya ubongo huacha athari. Atakayekuuzia kozi ya kufungua hizo 90 zilizobaki, mwombe akuonyeshe ni upande gani haufanyi kazi.