Acheni kunitumia picha za spidi testi

Maswali yenu ya Wi-Fi yamejaa tena, na nusu yake yana kiambatisho kilekile: picha ya simu yenye Mbps (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi) za kujivunia, na chini yake malalamiko kwamba roboti imesimama au kihisi kimepotea. Nimechagua yanayowagusa wengi. Ukiona umejibiwa kwa mstari mmoja, jua swali lako lilishajibiwa hapa zamani.

"Mhandisi, ghala letu hapa Jebel Ali lina roboti za kubeba rafu. Simu inapima Mbps 400 kila kona, lakini roboti zinapoteza mtandao katikati ya njia na kusimama. Tumeongeza akses pointi (vifaa vya kurushia Wi-Fi) na kupandisha nguvu za zote hadi mwisho, ndiyo kwanza hali imezidi. Tumekosea wapi?" (Msomaji, Dubai)

Hapohapo mlipopandisha nguvu. Ila tuanze na hiyo simu. Simu uliyoishika kifuani, umesimama, haikuambii lolote kuhusu mashine iliyo sentimita 30 kutoka sakafuni, inayotembea kati ya rafu za chuma zilizosheheni. Wala roboti hiyo haina haja na Mbps 400. Inapokea agizo la njia, inarudisha taarifa ya mahali ilipo, chaji yake na hitilafu kama zipo. Hayo ni maandishi ya kilobaiti chache. Haja yake ni ujumbe huo mdogo ufike kwa wakati, kila mara. Roboti nyingi zimewekewa kikomo: zisiposikia seva kwa sekunde kadhaa, zinasimama. Wastani mzuri wa mwezi mzima hauifai kitu roboti iliyokaa kiziwi sekunde nne wakati lori linapakiwa.

Kukatika katikati ya njia mara nyingi kunatokana na kuhama. Wengi hudhani akses pointi ndiyo inayomkabidhi mteja kwa jirani, kama minara ya simu ifanyavyo. Kwenye Wi-Fi mwamuzi ni kifaa chenyewe. Roboti inaweza kung'ang'ania akses pointi ya mlango wa kupakulia hadi mawimbi yakabaki -80 dBm (hafifu mno; namba ikikaribia sifuri ndiyo nguvu zaidi), na huku iko chini kabisa ya nyingine. Ikishaamua kuhama, kama mnatumia uthibitisho wa 802.1X unaokwenda hadi seva ya RADIUS, ile inayokagua nani aruhusiwe kuingia, kila kuhama kunaweza kula mamia ya milisekunde, na zaidi seva ikiwa nchi nyingine. Nyongeza ya Wi-Fi iitwayo 802.11r ipo tangu 2008 kwa ajili ya kufupisha hilo, na 802.11k inaipa roboti orodha ya majirani ili isipoteze muda kupekua kila chaneli. Waulizeni waliowauzia roboti kama redio yake inazijua zote mbili. Wajibu kwa maandishi, si kwa simu.

Sasa nguvu. Akses pointi ikipandishwa, roboti inaisikia kutoka mbali, kwa hiyo haioni sababu ya kuhama. Lakini redio ya roboti ni ndogo, na jibu lake halifiki. Isitoshe, kila akses pointi mliyoiongeza kwenye chaneli ileile inasubiri zamu pamoja na wenzake, kwa kuwa hewa ni kipaza sauti kimoja cha harusini: akiongea mmoja wengine wananyamaza, na msemaji mzito anachelewesha ukumbi mzima. Shusheni nguvu zikaribie za redio ya roboti. Tumieni chaneli za upana wa MHz 20 ili mpate nyingi zisizogongana. Kila mahali roboti inapopita, akses pointi mbili zisikike kwa -67 dBm au zaidi, moja ya kutumia na moja ya kuhamia. Kisha pimeni kwa roboti yenyewe: ipige pingi (ujumbe mfupi unaodai jibu) mara kumi kwa sekunde na iandike ilikuwa wapi kila jibu lilipofika. Msisome wastani. Someni jibu lililochelewa kuliko yote, na mwende mahali lilipotokea. Tena mpime rafu zikiwa zimejaa, maana vipimo vilivyofanywa ghala likiwa tupu havina maana baada ya makreti ya maji kuingia. Maji hunyonya mawimbi.

"Stoo yangu ina urefu wa mita 60. Niweke ekstenda ngapi?" (Msomaji, Kigamboni)

Hata moja usiweke. Vuta waya, kebo ya Ethernet inafika mita 100. Ekstenda ya redio moja inapokea na kurusha kwenye chaneli ileile, kwa hiyo kila pakiti inasafiri hewani mara mbili.

"Shikamoo mhandisi. Nina mabanda ya kuku Kibaha, nimefunga vihisi 40 vya joto na unyevu, vyote vya chipu ya ESP8266. Nimenunua ruta mpya, vihisi havioni mtandao wa 5G, na kwenye ule mwingine vinaanguka ovyo." (Mfugaji)

Marahaba, ndugu yangu. Havitauona milele. ESP8266 ina redio ya GHz 2.4 peke yake, na mdogo wake, ESP32 ya kawaida, ni hivyohivyo. Hiyo "5G" ya ruta ni GHz 5 na haina undugu na 5G ya simu; hili nimelieleza hadi nimechoka, tafadhali mwambieni na jirani. Rudi GHz 2.4, chagua chaneli 1, 6 au 11, upana MHz 20, na usiiachie ruta ijichagulie, itahamahama usiku na vihisi vibaki vikiitafuta.

Kuhusu kuanguka, kabla ya kulaumu Wi-Fi kagua umeme. ESP8266 inavuta umeme mwingi kwa ghafla kila inaporusha. Chaja ya bei ya kutupa na waya mrefu mwembamba hushusha volti, chipu inajiwasha upya, na wewe unaona "imepoteza mtandao". Halafu niambie unatuma kila baada ya muda gani. Kama ni kila sekunde, kwa nini? Joto la banda halibadiliki kwa sekunde. Mara moja kwa dakika inatosha, na muunganisho wa MQTT (itifaki nyepesi ya kutumiana ujumbe) uuache wazi badala ya kugonga hodi upya kila mara. Mwisho, zima kasi za zamani za 802.11b kwenye ruta kama inaruhusu. Pakiti ya baiti 1,500 kwa Mbps 1 inashika hewa milisekunde 12. Kwa Mbps 54 haifiki robo ya milisekunde moja. Vihisi vyako vinajua kasi mpya zaidi, havitapoteza kitu.

Hukuniuliza, ila nasema: taa za kuwapasha vifaranga joto zisitegemee mtandao huu. Funga kidhibiti joto bandani, kifanye kazi chenyewe, na Wi-Fi ikuletee habari tu. Vifaranga wasife kwa sababu bando limeisha.

"Wi-Fi 7 ikija ofisini, matatizo ya roboti yataisha?" (Wengi)

Kama roboti zenu zina redio ya Wi-Fi 5, zitaongea Wi-Fi 5.

"Mimi ni mwanafunzi, Juja. Roboti yetu ya ROS 2 (programu huria ya kuendeshea roboti) ikiwa moja inaenda vizuri. Tukiwasha tatu na kufungua RViz (dirisha la kutazamia kamera na vihisi vya roboti) kwenye laptopu, Wi-Fi ya maabara nzima inalala na wenzetu wanatufukuza." (Mwanafunzi)

Wenzenu wana haki. ROS 2 kwa kawaida inatumia DDS, mfumo wa kupashana ujumbe, na DDS hutafuta wenzake kwa maltikasti, yaani ujumbe mmoja unaorushwa kwa wengi kwa pamoja. Kwenye waya hilo si tatizo. Kwenye Wi-Fi, maltikasti hurushwa kwa kasi ya chini kabisa ambayo mtandao unaikubali, bila uthibitisho wa kupokelewa, kwa hiyo inakula hewa nyingi na bado inaweza isifike. Kila nodi mpya (programu ndogo ndani ya roboti) inaongeza kelele. Wekeni Discovery Server ya Fast DDS, seva moja ya kuwatambulisha wote, au mhamie Zenoh, mfumo mwingine wa kupashana ujumbe, na kila roboti isiyohitaji kuzungumza na nyingine ipewe ROS_DOMAIN_ID (namba ya kundi) yake.

Mzigo mkubwa zaidi, hata hivyo, nadhani ni hiyo RViz. Kamera ya 640 kwa 480, rangi tatu, picha 30 kwa sekunde, bila kubanwa: ni karibu Mbps 221. Kwa roboti moja. Mnazidisha kwa tatu mnashangaa? Baneni picha, punguzeni hadi tano kwa sekunde, na data za vihisi zitumwe kwa mtindo wa "best effort", yaani bila kurudia kilichopotea. Fremu iliyopotea iacheni ipotee. Kuirusha tena wakati mpya tatu zinasubiri nyuma yake ndiyo foleni yenyewe. Zimeni pia power_save (kubana umeme) kwenye redio za Linux, maana kadi inayosinzia inaongeza uchelewaji bila kuwaambia. Ukwepaji wa vizuizi na uchoraji wa ramani ubaki ndani ya roboti. Nikisikia mnaendesha breki kutoka kwenye laptopu, mimi mwenyewe nitakuja kuwafukuza.

"Tuko karibu na bandari, Mombasa. Siku nyingine mara mbili tatu, skana zote za yadi zinapotea kama dakika moja, kisha zinarudi zenyewe. Fundi amebadilisha akses pointi, bado." (Msomaji)

Fundi arudishiwe akses pointi zake. Angalia chaneli: nina hakika karibu yote kwamba uko kati ya 52 na 144 kwenye GHz 5. Hizo tunazitumia kwa hisani ya rada. Akses pointi ikisikia rada, lazima iondoke kwenye chaneli ndani ya sekunde kumi, na ikihamia chaneli nyingine ya kundi hilo inapaswa kusikiliza kimya angalau sekunde 60 kabla ya kurusha. Ndiyo dakika yako hiyo. Soma kumbukumbu za akses pointi, utakuta imeandikwa "radar" au "DFS", jina la utaratibu huo wa kukwepa rada. Hamia 36 hadi 48. Na mtu akikushauri ubadilishe msimbo wa nchi kwenye akses pointi ili isijali rada, mkatalie. Ni kosa kisheria, na kuna vyombo vyenye watu ndani vinavyotegemea rada hizo.

"Kampuni ya simu imetuletea pendekezo la 5G binafsi (mnara wetu wenyewe ndani ya kiwanda) kwa roboti zetu sita. Bei inatisha. Inafaa?" (Meneja, Nairobi)

Teknolojia ni nzuri, sikatai. Mnara ndio unaopanga nani arushe lini, na mnara ndio unaosimamia kuhama. Ocado, duka la mtandaoni la vyakula la Uingereza, kwa ghala lake la Andover, iliona Wi-Fi haitoshi ikajengewa mfumo uliotokana na 4G kwenye masafa huru ya GHz 5, wa kuwasiliana na roboti 1,000 mara kumi kila sekunde. Roboti zile zinapishana juu ya gridi kwa nafasi finyu sana. Zenu ni sita, zinabeba paleti kwenye korido pana.

Waulizeni kwanza waliowauzia: roboti inafuata VDA 5050? Ni utaratibu wa vyama vya viwanda vya Ujerumani, unapita kwenye MQTT, na njia ya roboti unaigawa mara mbili: kipande kilichoruhusiwa tayari na kipande kilichopangwa tu. Roboti inaendesha kipande kilichoruhusiwa bila kumuuliza mtu. Seva ikiruhusu kipande kirefu cha kutosha, pengo la sekunde tatu hakuna atakayeliona. Roboti inayoganda kila pingi inapopotea ina programu mbovu, na naona viwanda vingi vikinunua redio za mamilioni kuficha programu mbovu.

"Bosi anataka kitufe cha dharura cha ukutani kizisimamishe roboti zote kupitia Wi-Fi. Nimemwambia si sawa, anasema naogopa teknolojia." (Fundi umeme, Thika)

Mwonyeshe hapa. Usalama wa magari yasiyo na dereva una kiwango chake, ISO 3691-4, na msingi wake uko juu ya roboti yenyewe: skana ya leza ya usalama, breki, vitufe vya dharura mwilini mwake. Kusimamisha kwa redio kunawezekana, lakini kwa itifaki za usalama kama PROFIsafe, ambamo kimya kinahesabiwa kuwa amri ya kusimama. Hapo ndipo shida inapoanza kwenye mtandao mbovu. Roboti zitasimama ovyo, uzalishaji utalalamika, na mtu atapandisha kikomo cha kusubiri kutoka milisekunde 200 hadi sekunde mbili "kwa muda tu". Roboti ya mita 1.5 kwa sekunde inakwenda mita tatu ndani ya sekunde hizo kabla hata ya kuanza kufunga breki.

Bosi akisisitiza awe na kitufe cha kawaida cha mtandao, mfungie, lakini kiandikwe "Simamisha kazi", kizitume roboti kwenye maegesho yao, na kisiwe chekundu kwenye kibao cha njano.