Neon tetra wanakufa kwenye tangi jipya

Ndugu wa Nyegezi, unasema neon tetra wako sita, samaki wadogo wa mapambo, wamekufa mmoja mmoja ndani ya wiki moja, ilhali maji ni maangavu. Uangavu si kipimo. Tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati, na sumu hizo hazionekani kwa macho. Washa chujio wiki 4 hadi 6 bila samaki, ukitia punje chache za chakula kila siku, mpaka kipimo kisome amonia 0 na nitriti 0. Ndipo ununue.

Maji ya bomba hutiwa klorini: yaache kwenye ndoo wazi saa 24, pampu ya hewa ikipuliza. Sponji la chujio suuza kwa maji ya tangi lenyewe. Ukilipeleka bombani unaua bakteria uliowasubiri mwezi mzima. Hapo ndipo wengi huharibu.

Lita 60 zinatosha samaki 10. Sita ni wachache, hujificha na kugoma kula. Waingize watano kwanza, wengine baada ya wiki mbili. Joto nyuzi 22 hadi 26, robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Na tafadhali, usiwachanganye na furu wa ziwani, watawamaliza.