Maswali ya Wasomaji: Matairi ya Gari la Zamani Linalotembea Mara Moja Moja

SWALI: Salamu nyingi kutoka Tororo. Mimi ni mwalimu mstaafu, na gari langu ni Toyota Corolla la mwaka 1992. Siku hizi hulitoa Jumapili kwenda kanisani, siku ya soko, na mara mbili kwa mwaka kwenda Kampala kuwaona wanangu. Matairi niliyafunga mwaka 2014 yakiwa mapya, ukubwa wake ni 175/70 R13, na kashata zake, yaani yale meno yanayokanyaga barabara, bado ni nene, hata fundi wangu anasema kuyatoa sasa ni kutupa pesa. Lakini nimeona nyufa ndogo ndogo ubavuni. Mpwa wangu aliyeko Kampala anataka kunitafutia matairi yaliyotumika kutoka Japani pamoja na rimu za inchi 15. Fundi naye anasema nikitaka kubadilisha, nifunge yale magumu ya magari ya mizigo, yaliyoandikwa 8PR, kwa sababu ya barabara zetu. Nimsikilize nani?
Mwalimu mstaafu, Tororo

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Nitaanza na lililo la haraka: matairi hayo yatoe, na safari ijayo ya Kampala usiende nayo. Mengine yote tutayazungumza kwa utulivu, lakini hilo halifai kungoja.

Fundi wako amepima kashata, na kama gari lako lingekuwa teksi ya kwenda Mbale kila siku, angekuwa amepima kitu sahihi. Hebu tuhesabu safari zako. Kutoka Tororo hadi Kampala ni kama kilomita 210, kwa hiyo kwenda na kurudi mara mbili ni kilomita 840 hivi. Ukiongeza kanisa na soko kila wiki, sidhani kama unafikisha kilomita 3,000 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, miaka sita ni kilomita 18,000, wakati tairi la kawaida la gari dogo likitunzwa huvuka kilomita 40,000 kabla kashata hazijaisha. Maana yake ni kwamba kashata za gari lako hazitaisha kamwe. Kinachoyamaliza matairi yako ni umri, na umri hauonekani kwa kutazama kashata.

Mpira huzeeka hata ukiwa umesimama, kwa sababu oksijeni huingia ndani yake polepole na kuufanya mgumu, na joto huharakisha kazi hiyo. Kiwandani huchanganywa nta na dawa za kuukinga dhidi ya ozoni, ile hewa kali inayopasua mpira kwa juu. Nta hiyo hupanda hadi usoni mwa tairi pale tairi linapozunguka, likijikunja na kujinyoosha. Gari likisimama wiki nzima, tairi halijikunji, nta hubaki ndani, na ubavu hukauka. Ndiyo sababu gari la mzee mmoja linaloshinda chini ya mwembe linaweza kuwa na matairi yaliyochakaa kuliko ya jirani yake anayesafiri kila siku. Nyufa ulizoziona ni sehemu inayoonekana. Kinachonitia hofu zaidi ni kule ndani, ambako mpira unaoshikilia waya za chuma chini ya kashata hupoteza nguvu ya kushika bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje.

Nasema hivi kwa jambo lililonipata. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua matairi mawili dukani yakiwa mapya kabisa kwa macho, hata vile vinyweleo vya mpira vinavyotoka kiwandani vilikuwa bado vimesimama. Sikusoma tarehe, na muuzaji hakuitaja. Siku moja, nikitoka Jinja, ndani ya msitu wa Mabira nikasikia mpigo nyuma, mzito na wa haraka, kama mtu anayepiga bati kwa kandambili. Nilipunguza mwendo nikasimama pembeni, malori yakinipita kwa karibu. Upepo ulikuwa bado umo ndani ya tairi, lakini kashata ilikuwa imebanduka kwa urefu wa mkono mzima, ukanda wake ukining'inia na waya zikimetameta chini yake. Nilipoisoma namba nikakuta tairi lile lilitengenezwa miaka kumi na mmoja kabla ya siku ile. Muda mwingi wa huo lilikuwa limekaa ghalani tu. Tangu hapo silipi pesa ya tairi kabla sijaigusa namba ile kwa kidole.

Namba yenyewe iko ubavuni, mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2314, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000 na halifai hata kwa toroli. Tahadhari moja: mara nyingi tarehe huandikwa upande mmoja tu wa tairi, na tairi likishafungwa upande huo unaweza kuwa umetazama ndani, chini ya gari. Usikubali kuambiwa haipo. Chukua tochi uiname, au mwombe fundi alitoe gurudumu.

Michelin, ambao ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa matairi duniani, wanashauri kwamba tairi likishatumika miaka mitano likaguliwe na fundi angalau mara moja kila mwaka, na likifika miaka kumi tangu lilipotengenezwa litolewe hata kama linaonekana zima, pamoja na lile la akiba. Baadhi ya watengenezaji wa magari husema miaka sita inatosha. Mimi, kwa jua letu na kwa barabara ya Malaba unayoshirikiana na malori usiku na mchana, nakushauri uyatoe kati ya mwaka wa sita na wa saba. Ya kwako yamevuka hata ile kumi. Ukitaka kumwonyesha fundi, mwombe alitoe gurudumu moja, kisha ubonyeze kwa dole gumba katikati ya mifereji ya kashata; nyufa zilizojificha chini ya mifereji zitafunguka mbele ya macho yake.

Kwa hiyo unapokwenda dukani, jambo la kwanza la kununua ni tarehe. Tafuta matairi ambayo hayajatimiza mwaka mmoja tangu yatengenezwe. Ukikosa, usivuke miaka miwili, maana kila mwaka yaliokaa dukani ni mwaka uliopunguziwa wewe. Usilipe zaidi kwa tairi linalosifiwa kudumu kilomita nyingi, kwa kuwa kilomita hizo hutazifikia. Lipia ushikaji wa lami iliyolowa. Kwenye matairi mengi utakuta neno TRACTION likifuatwa na AA, A, B au C, nayo ni daraja la breki kwenye lami yenye maji. AA ndiyo ya juu, na mimi nisingeshuka chini ya A. Mvua za Machi hadi Mei zikikukuta kwenye mteremko, hapo ndipo utakapoiona faida ya herufi hiyo.

Sasa ukubwa. Tairi la 175/70 R13 lina upana wa milimita 175, urefu wa ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 13. Kipenyo chake chote ni kama milimita 575. Yale ya 8PR anayoyapendekeza fundi, ambayo kwa kawaida huandikwa 175 R13 C, yana ubavu mrefu zaidi, na kipenyo chake huzidi cha kwako kwa karibu asilimia 6. Ubavu wake ni mgumu kwa sababu umetengenezwa kubeba mzigo, nawe gari lako ni jepesi na lina abiria wawili. Utarushwa kwenye kila shimo, na chemchemi na viungo vya magurudumu vya gari lenye zaidi ya miaka thelathini ndivyo vitakavyopokea kile ambacho tairi limekataa kupokea. Tairi la kawaida lenye namba ya mzigo 82 hubeba kilo 475, na manne hubeba kilo 1,900. Corolla lako, hata likijaa watu na magunia, halifiki huko.

Mpwa wako ana nia njema, na namheshimu kwa hilo, lakini pendekezo lake lina matatizo mawili. La kwanza ni rimu: ukifunga 195/65 R15, ambayo ndiyo rahisi kupatikana kwa inchi hizo, kipenyo kitaongezeka kwa asilimia 10, tairi litasugua ndani ya madigadi unapokata kona, na spidi mita itasoma 80 wakati unakwenda 88. La pili ni hayo matairi yenyewe. Tairi lililotumika linauza kashata zilizobaki, na wewe unachohitaji ni miaka iliyobaki. Zaidi ya hayo, mengi yanayokuja kutoka Japani ni ya majira ya baridi, yametengenezwa kwa mpira laini ili yashike theluji. Utayatambua kwa neno STUDLESS ubavuni na vikato vyembamba vingi kwenye kila kashata. Kwenye lami ya saa nane mchana mpira huo hulainika, gari huyumba kwenye kona, na breki huchelewa. Na lolote lililopakwa dawa ya kung'arisha mpaka linatoa mwanga, lifute kwanza kwa kitambaa kilicholowa ndipo utazame nyufa.

Ikiwa matairi ya inchi 13 yenye tarehe mpya yatakuwa adimu, na kwa kweli yanapungua kwa sababu magari mapya hayayatumii, kuna njia ya heshima: rimu za inchi 14 zenye matundu manne ya nati kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, kama za kwako, na matairi ya 175/65 R14. Kipenyo chake ni milimita 583, tofauti isiyofika asilimia 2, na hakuna kitakachosugua. Kabla ya kulipa, fungua mlango wa dereva usome kibandiko kilicho kwenye nguzo. Ukubwa unaokubaliwa na kiasi cha upepo vimeandikwa hapo, ikiwa hakijabanduka kwa miaka yote hii.

Yakishafungwa, mwambie fundi abadilishe valvu zote nne, kwa sababu nazo ni mpira na umri wake ni uleule. Akikutana na kutu kwenye ukingo wa rimu, aisugue mpaka iishe. Asiifiche kwa kuingiza tyubu, maana tyubu ndani ya tairi lisiloihitaji husuguana nalo na kuzalisha joto. Pima upepo kila mwezi asubuhi kabla gari halijatembea, kwani tairi zima hupoteza kidogo kila mwezi hata bila pancha. Liegeshe kivulini, pasipo na mafuta yaliyomwagika chini na mbali na genereta, kwa kuwa mota za umeme hutoa ozoni. Na hata wiki usiyokwenda popote, lizungushe kilomita chache, ili ile nta ipande.

SWALI: Gari langu pia hutembea mara chache. Pesa zangu zinatosha matairi mawili tu kwa sasa. Gari linavutwa na magurudumu ya mbele, na kila mtu ananiambia mapya yaende mbele. Ni kweli?
Msomaji, Jinja

JIBU: Yaweke nyuma, dada au kaka yangu. Mbele yakiteleza, utahisi kwenye usukani na ukiondoa mguu kwenye mafuta gari hurudi njiani. Nyuma yakiteleza kwenye maji, gari hugeuka mzima mzima, na madereva wengi hawawezi kulirudisha. Lakini soma kwanza tarehe za yale mawili yanayobaki. Yakiwa yamevuka miaka kumi, ni bora gari lisubiri nyumbani mpaka upate manne.

SWALI: Tairi langu la akiba halijawahi kugusa lami tangu nilinunue gari mwaka 2011. Je, nilichukulie kuwa ni jipya?
Msomaji, Mbarara

JIBU: Hapana. Limekaa kwenye buti lenye joto kwa miaka hiyo yote, na siku utakayolifunga huenda ikawa usiku, mvua ikinyesha, nawe ukiwa na haraka. Nunua matano badala ya manne, au lile lenye tarehe ya karibuni zaidi kati ya unayoyatoa ulifanye la akiba, mradi lisiwe limevuka miaka sita. Lijaze upepo unapojaza mengine, na ujaribu jeki na nati ukiwa bado nyumbani.